Siku Sita Katika Kisiwa cha Pate

Wazee wetu wa bara husema kwamba mtu asiyetoka nyumbani hudhani mama yake ndiye mpishi bora kuliko wote. Nami nimeona vema niwaeleze habari za safari yetu ya kisiwa cha Pate. Sisimulii kwa sababu tulikuwa wasafiri hodari. Nasimulia kwa sababu tulifanya kosa huko, na kosa hilo lilitufunza jambo ambalo hatukulipata katika vitabu vyote tunavyowasomesha watoto. Msomaji akitucheka, na acheke. Lakini akiwa yeye mwenyewe anajiandaa kwenda kutembea nchi za watu, na ayakumbuke haya.

Sisi ni waalimu wa shule moja iliyo karibu na Mlima Kenya, nchi ya baridi na mito mingi. Tulikuwa kumi na wawili, wanaume saba na wanawake watano, na kwa muda wa miaka miwili kila mmoja wetu aliweka shilingi elfu moja kwa mwezi ili tupate kwenda kupumzika pamoja. Fedha zilipotimia, maneno yakawa mengi. Wengine walitaka hoteli ya Mombasa, wakae kivulini na kuletewa vinywaji. Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu kijana aliyezaliwa Pate, aliposimama akasema, "Wakubwa wangu, mbona hamji kwetu? Baba yangu ana nyumba, na bahari yetu haidai kiingilio."

Maneno hayo yalinichoma mimi hasa. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili. Nimewaambia wanafunzi mara nyingi kwamba Utendi wa Tambuka ulitungwa na Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728, na kwamba Mwana Kupona, aliyemwachia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, ni mzaliwa wa kisiwa hicho hicho. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijapata kukanyaga mchanga wa Pate hata siku moja. Basi tukapiga kura, watu wanane wakachagua Pate na wanne wakachagua hoteli, na wale wanne wakakubali kwa kunung'unika.

Safari ya nchi kavu na ya maji

Tuliondoka likizo ya Aprili mwaka 2019. Tulilala Mombasa, na kesho yake tukapanda basi la kwenda Lamu, tukapita Malindi, Garsen na Witu, huku askari wakitusindikiza katika sehemu za mwisho. Jioni tukafika Mokowe, ambapo barabara inakwisha na bahari inaanza. Hapo motokaa husimama, na mtu hana budi kupanda chombo.

Mji wa Lamu tuliuona kwa usiku mmoja tu. Ni mji wa vichochoro vyembamba na milango ya kuchongwa, na mizigo yake huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mtu akiuona hastaajabii jambo hilo. Lakini sikukusudia kueleza habari za Lamu, kwa kuwa wengi wamekwisha kuzieleza.

Nahodha aliyetupeleka Pate alituambia tuwe gatini saa kumi na moja za alfajiri. Sisi, kwa mazoea yetu ya bara, tukafika saa kumi na mbili kasorobo, na wengine walikuwa bado wanatafuta chai. Nahodha hakugomba. Alitazama maji, akatazama mbingu, akasema, "Haya, pandeni. Mkanda utatuambia." Sikuelewa mpaka tulipofika katika mlango huo wa bahari uitwao Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao ni njia nyembamba yenye mikoko huku na huku. Wakati ule maji yakijaa vyombo vilipita, yakipwa hapakupitika. Sisi tulikuta yameanza kutoka. Chombo kikakwaruza mchanga, kikasimama, na wanaume wote saba tukashuka tukiwa tumekunja suruali, tukasukuma ndani ya tope mpaka magotini. Tulipopanda tena tumechafuka kama nguruwe, nahodha akasema kwa upole, "Bahari haina kengele ya shule, waalimu. Yenyewe haimngoji mtu."

Hilo lilikuwa fundisho la kwanza, nasi tukalicheka, tukalisahau.

Tulipokewaje

Tuliteremka Mtangawanda, mahali ambapo vyombo hutia nanga, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu yapata saa moja, mizigo yetu ikiwa juu ya punda. Njia ni ya mchanga, inapita katika minazi na mashamba. Kisha tukaona mji wa Pate. Wageni wengi huona kwanza magofu yake, maana zamani ulikuwa mji wa wafalme wa Kinabahani, wenye majumba ya ghorofa, na kuanguka kwa fahari yake ndiko kulikomfanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi. Siku hizi tumbaku hupandwa katikati ya kuta hizo, na mkulima hupalilia mahali ambapo labda palikuwa ukumbi wa mfalme. Lakini mji wa watu walio hai uko kando yake, wenye nyumba za mawe na udongo, mapaa ya makuti, na vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawawezi kupishana.

Baba wa mwenzetu alikuwa ameketi barazani akitungoja. Ni mzee wa miaka sabini na zaidi, mvuvi tangu utoto wake, mwenye kanzu nyeupe na kofia aliyoshonewa na mkewe. Watoto wa nyumba wakaja mmoja mmoja kutuamkia na kutubusu mikono. Ikaletwa kahawa chungu katika vikombe vidogo, na tende. Wenzetu wanawake wakachukuliwa ndani kwa akina mama, ambako walipewa chumba kizuri kuliko vyote. Sisi wanaume tukapewa nyumba ya jirani, iliyokuwa imefagiliwa na kutandikwa mikeka mipya.

Alasiri ile likanipata jambo la kuchekesha. Nilikuwa nimesimama uani, na mtoto mdogo wa kiume, mjukuu wa mzee, akasimama mlangoni akanipungia mkono akiita, "Ndoo! Ndoo!" Mimi nikatazama huku na huku, nikaona ndoo kando ya ukuta, nikaichukua nikampelekea. Mtoto akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, "Ndoo!" Nikafikiri labda anataka ndoo nyingine. Mama mmoja ndani akaangua kicheko, na mwalimu kijana akaja mbio kuniokoa. Kumbe katika Kiswahili cha kwao *njoo* ni *ndoo*, kama vile *njia* ni *ndia*, *njaa* ni *ndaa* na *maji* ni *mai*. Mtoto alikuwa ameagizwa aniite nikale.

Habari ile ikaenea mji mzima kabla ya magharibi. Mimi, mwenye cheti cha kufundisha Kiswahili, niliitwa kula nikapeleka ndoo! Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni niliona haya. Nilikumbuka jinsi nilivyowakosoa wanafunzi kwa wino mwekundu, na sasa nilikuwa katika nchi ambayo mtoto wa miaka mitano alikuwa na haki ya kunisahihisha.

Maisha ya watu wa Pate

Siku mbili za kwanza zilikuwa za raha tupu. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mikate ya mofa iliyotoka motoni. Tulikwenda na wavuvi kuangalia malema yao, yale matego ya samaki yaliyosukwa, na mwalimu wetu wa sayansi akastaajabu jinsi mlango wa lema ulivyotengenezwa: samaki huingia kwa urahisi, wala hajui njia ya kutoka. Tuliwaona wanawake wakisuka makuti na ukili huku mikono yao ikienda yenyewe na maneno yao yakienda yenyewe. Jioni wanaume walikaa barazani, na hapo habari zote za mji zilipimwa: bei ya samaki, ugonjwa wa fulani, upepo. Kila mtu aliuzungumzia upepo. Ulikuwa wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi bado haijashika, na masika yalikuwa yamechelewa. Mimi niliyasikia maneno hayo kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali.

Siku ya pili tulikwenda Siyu, mji wa mafundi wa ngozi, tukaona makubazi yakikatwa na kushonwa kwa mkono, tukaiona ngome iliyo kando ya maji. Watu wa Siyu hawakukubali upesi kutawaliwa na Unguja. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalishindwa na watu wa Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona. Wenyeji husimulia mambo hayo kama ya juzi.

Tuliporudi tulikuwa tumejaa vumbi na jasho. Sasa nitaeleza tulivyofanya. Kando ya nyumba ya mzee kulikuwa na chumba cha kuogea chenye birika dogo na kata ya kifuu cha nazi. Kila asubuhi tulilikuta birika limejaa. Tulioga asubuhi, tulioga mchana kwa ajili ya joto, tulioga jioni tulipotoka baharini, ili kuondoa chumvi. Wengine walifua nguo zao kila siku. Huko kwetu maji hutoka mtoni na mferejini, na hapana mtu anayefikiri habari zake. Birika lilikuwa limejaa, nasi tulidhani kwamba ni kazi ya birika kujaa.

Tena tulifanya jambo baya zaidi. Mwalimu kijana, mwenyeji wetu, alikuwa akisinzia mchana. Tulipokuwa tukizungumza barazani, kichwa chake kilianguka kifuani. Sisi tukamtania sana. Tukasema kwamba amerudi kwa mama yake akawa mtoto tena, kwamba uvivu wa pwani umemshika, na mimi ndiye niliyesema maneno hayo ya mwisho. Yeye alitabasamu tu.

Usiku wa tatu

Usiku wa tatu niliamka kiasi cha saa tisa, kwa sababu ya joto. Nikatoka nje nipate upepo. Nikasikia kwato za punda kichochoroni, na mara nikaona taa. Aliyeshika taa ni mwalimu kijana. Nyuma yake alikuwa dada yake, amejifunga leso kiunoni, na katikati yao punda aliyebeba madumu manne ya maji. Wakaingia uani bila kusema neno, wakamimina maji ndani ya birika polepole ili yasifanye sauti, kisha wakageuza punda kwenda tena.

Nikawafuata. Tulikwenda nje ya mji, tukapita magofu na mashamba, mpaka kwenye kisima kilicho chini ya minazi. Hapo tulimkuta mzee mwenyewe, ameketi ukingoni na kamba mkononi. Visima vilivyo karibu na nyumba vina maji ya chumvichumvi, yafaayo kwa kazi nyingine tu. Hiki kilikuwa na maji matamu, lakini kilikuwa kimedhoofika kwa ajili ya ukame. Ukiteka ndoo mbili tatu, sharti ungoje maji yakusanyike tena chini. Mzee aliteka, akangoja, akateka, akangoja. Aliponiona hakushtuka. Alisema tu, "Mwalimu, umekosa usingizi? Joto la mwezi huu ni baya."

Nilimvuta kijana kando nikamwuliza, "Kwa nini hukutuambia?"

Akajibu, "Ningewaambiaje, Mwalimu? Baba alinikataza. Alisema mgeni akihesabiwa maji, ni sawasawa na kufukuzwa. Nami ndiye niliyewaalika."

"Na jabia?" nikamwuliza, maana nilikuwa nimeliona jabia kando ya mji, lile jengo la kukusanyia maji ya mvua.

"Maji yaliyobaki humo ni kidogo, na yamewekwa kwa ajili ya Ramadhani. Mwezi ukiandama kabla ya mvua, ndiyo maji ya kufuturu."

Wasomaji wapenzi, sikuweza kusema neno. Nilikumbuka mara ngapi nilijimwagia kata baada ya kata huku nikipiga mbinja. Nilikumbuka nilivyomwita mvivu mtu ambaye hakuwa amelala usiku kwa ajili yangu. Nikashika kamba, nikamwomba mzee anipishe, na kwa muda uliobaki mpaka adhana ya alfajiri nikateka mimi. Viganja vyangu, vilivyozoea chaki, vilitoka malengelenge.

Kosa la pili

Asubuhi nikawakusanya wenzangu, nikawaeleza yote. Mwalimu wetu wa hesabu akatoa karatasi. Kila mtu huoga lita kumi. Tu watu kumi na wawili. Mara tatu kwa siku. Hizo ni lita 360, yaani madumu kumi na manane ya lita ishirini, na punda mmoja huchukua manne. Basi kila usiku ni safari tano za kisimani kwa ajili ya kuoga kwetu tu, mbali na kupika, kunywa na kufua. Hapana aliyecheka. Mwalimu mmoja wa kike akasema kwamba yeye aliwaona akina mama wakiosha sahani kwa maji ya chumvi, akadhani ndiyo desturi ya nchi.

Tukaona haya, na kama ilivyo kawaida ya watu wenye haya, tukafanya haraka. Tukachanga shilingi elfu sita, mimi nikazitia katika bahasha, nikampelekea mzee barazani. Nikasema maneno mazuri, kwamba hizi ni za maji. Mzee aliitazama bahasha bila kuigusa. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikufungua duka." Akainuka, akaenda zake pwani, wala hakurudi mpaka adhuhuri.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna deni lisilolipika kwa noti. Nilikuwa nimetumia maji yake bila kujua, na hilo angeweza kulisamehe. Lakini nilipoyatia bei, nilimgeuza kutoka mwenyeji kuwa mchuuzi mbele ya watoto wake.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa kike aliye mkubwa wetu kwa umri, mama wa wana watano. Aliniambia, "Wewe umepeleka fedha mahali palipotakiwa mikono." Yeye hakuwa amekaa na haya yake. Alikwenda jikoni, akaketi na mke wa mzee, akakuna nazi pamoja naye, na katika mazungumzo akamwuliza ni kazi gani iliyobaki kabla ya Ramadhani. Mama yule akamwambia kwamba jabia halijasafishwa wala kuzibwa nyufa, kwa kuwa vijana wengi wametoka kutafuta riziki, na mvua ikija hali liko hivyo, nusu ya maji itapotea.

Mzee aliporudi tukamwambia kwamba tunataka kufanya kazi ile. Akakataa katakata. Mgeni hafanyi kazi, alisema. Watu wa Pate watamchekaje? Ndipo mama yetu yule akanena kwa sauti ya adabu, "Mzee wetu, methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya nne. Wewe umetunyima jembe letu la jana, nasi hatukukushtaki." Mzee akamtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamwambia mjukuu wake, "Nenda kawaletee majembe, tusije tukashtakiwa."

Kazi ya jabia

Jabia, kwa wasiolijua, ni sakafu pana iliyopigwa lipu, yenye mteremko, ambayo huyakusanya maji ya mvua na kuyapeleka katika tangi lake. Lile letu lilikuwa na upana wa mita 12 na urefu wa mita 15. Majani ya minazi, mchanga na mavi ya mbuzi yalikuwa yamejaa juu yake, na nyufa zilikuwa zimekwenda huku na huku kama mistari ya kiganja. Tulifanya kazi siku mbili, alfajiri mpaka saa nne na alasiri mpaka magharibi. Tulikwangua, tukafagia, tukachukua taka kwa vikapu. Majirani walipoona waalimu wa bara wametoa mashati, kwanza walisimama kutazama, kisha wakaingia kazini nao. Fundi mmoja mzee akatuonyesha jinsi ya kuchanganya chokaa na mchanga na kuzishindilia ndani ya nyufa. Akina mama, wa bara na wa Pate, walileta uji na kutukosoa.

Sitaficha kwamba mmoja wetu, katika wale wanne wa hoteli, alikataa siku ya kwanza. Alisema kwamba hakuweka akiba miaka miwili ili aje afagie mavi ya mbuzi, naye akaenda kutembea pwani peke yake. Hatukumlaumu, kwa sababu alisema kweli kwa upande wake. Siku ya pili alikuja, akachukua kikapu, wala hapana aliyemwuliza kitu.

Mwalimu wa hesabu akapiga hesabu nyingine. Sakafu ni mita za mraba 180. Mvua ikinyesha milimita kumi tu, ni lita 1,800, yaani madumu tisini, ikiwa hapana ufa. Akamwonyesha mzee karatasi. Mzee akaisoma polepole, akamrudishia, akasema, "Hesabu yako ni nzuri, Mwalimu. Sasa Mwenyezi Mungu atie milimita zake."

Siku zile mbili tulioga kwa kata tatu kila mtu, baada ya kujisugua baharini. Tena zamu ya kisimani ilikuwa yetu, na mwalimu kijana alilala usiku kucha. Nilimwomba radhi mbele ya wote kwa lile neno la uvivu. Akasema, "Yamekwisha, Mwalimu," nami najua kwamba kwa watu waungwana neno hilo huwa kweli.

Mashauri machache

Mwezi mmoja baadaye kijana alituambia shuleni kwamba baba yake amepiga simu: mvua imenyesha, si kubwa, na maji katika tangi yamefika magotini. Haikutosha, lakini haikupotea hata tone. Sisi tukashangilia katika chumba cha waalimu kama timu iliyofunga bao.

Kwa hiyo, ninyi mnaoweka akiba kwenda kutembea kwa vikundi, nawapa mashauri machache. Kwanza, mkifika kwa watu, ulizeni habari za maji kabla ya habari za chakula. Chakula mgeni hukiona kikipungua sahanini, lakini maji huyakuta yamejaa, wala haoni mgongo ulioyabeba. Pili, mkiona mwenyeji anasinzia, msimcheke mpaka mjue alilala saa ngapi. Tatu, fedha ni kitu chema hotelini, ambako bei imeandikwa ukutani. Katika nyumba ya mtu tafuteni kwanza jembe. Na nne, kwa waalimu wenzangu wa Kiswahili: tukienda pwani twende kama wanafunzi, maana lugha tunayoifundisha ina wenyewe, na wengine wao hawajafika hata darasa la kwanza.

Asubuhi ya siku ya sita tulipokuwa tukifunga mizigo, yule mtoto alisimama tena mlangoni akaniita, "Ndoo!" Safari hii nilielewa, nikaenda. Alinishika mkono, akanipeleka mpaka kando ya birika, akanionyesha kwa kidole ndoo tupu iliyokuwa hapo. Punda alikuwa amekwisha kutolewa nje, na zamu ya maji ilikuwa yangu.